Trekta Kuukuu Imekufa Injini: Tuitengeneze au Tuiuze?

Mwezi wa Januari, mahindi yakiwa yamekwisha kuingia ghalani na mabua yangali shambani, ukipita katika skimu za Lugari na Trans Nzoia utaona jambo moja mara kwa mara. Chini ya mti, karibu na boma la ng'ombe, imesimama trekta. Rangi yake nyekundu imechujuka kwa jua, gurudumu moja limelala, na kuku anatagia kitini. Ukimwuliza mwenyewe atakujibu, "Hiyo ni nzima kabisa, ni injini tu."

Maneno hayo, "ni injini tu", yamewatia wakulima wengi hasara, na hasara yenyewe huja kwa njia mbili. Mmoja huuza trekta yake kwa bei ya chuma chakavu, kumbe ugonjwa wake ulikuwa mpira uliopasuka. Mwingine huuza ng'ombe watatu ili atengeneze injini, na injini ikiisha kutengenezwa, klachi inakufa wiki ya pili ya kulima.

Mzee mmoja wa Lugari, aliyetuomba tusimtaje jina, alikuwa katikati ya njia hizo mbili mwaka uliopita. Trekta yake ni Massey Ferguson 135, ambayo baba yake aliinunua ikiwa imekwisha tumika. Trekta za namna hiyo zilitengenezwa Coventry, Uingereza, tangu 1964 hata 1975, kwa hiyo hata iliyo changa kabisa katika hizo ina umri wa mtu mwenye wajukuu. Msimu wa kulima uliotangulia trekta ile ilikuwa ngumu kuwaka asubuhi, ikaishiwa nguvu kila ilipopanda mwinuko na plau ya sahani tatu, na ikawa inataka kuongezwa oili kila siku ya pili. Mwezi wa Desemba ikazima wakati wa kuvuta trela ya mahindi, isiwake tena.

Wiki hiyohiyo alifika mnunuzi kutoka mjini na shilingi 280,000 taslimu. Kijana wake mkubwa akasema, "Baba, tuuze. Hii trekta inakula pesa." Mama wa nyumbani akauliza neno moja tu: "Na mwezi wa tatu tutalima na nini? Mwaka ule tulipongoja trekta ya kukodi, tulipanda mwezi wa tano." Kila mkulima wa mahindi anajua maana ya swali hilo. Mahindi ya nchi za juu hukaa shambani miezi mingi, na yule anayechelewa kupanda mvua zikiisha kushika, magunia yake hupungua hata akiweka mbolea yote.

Basi mzee alifanya jambo la busara: hakumjibu mnunuzi, wala hakumwita fundi afungue injini. Alitaka kwanza kujua ni kitu gani kilichoharibika.

MOSHI UNASEMA NINI

Injini ya dizeli haifichi ugonjwa wake. Ikiwa bado inawaka, tazama moshi. Moshi mweusi maana yake dizeli ni nyingi kuliko hewa. Kabla ya kufikiri neno jingine, fungua bakuli la chujio la hewa. Katika trekta nyingi za zamani hewa hupita katika bakuli lenye oili, na oili hiyo ndiyo inayoshika vumbi. Tumekuta mabakuli yaliyojaa tope zito kama ugali. Osha bakuli, tia oili safi mpaka alama yake, isizidi. Tena kumbuka kwamba Eldoret iko kama mita 2,100 juu ya bahari, na hewa ya huko ni nyepesi. Trekta ya zamani ikivuta kwa nguvu katika nchi hiyo itatoa weusi kidogo hata ikiwa na afya, na hilo si la kumkimbilia fundi.

Moshi mweupe asubuhi ya baridi, ambao unakwisha injini ikipata joto, huonyesha dizeli isiyochomeka vizuri. Huenda nozeli imechoka, au mgandamizo ndani ya silinda umepungua. Lakini moshi mweupe ukiendelea hata injini ikiwa moto, na maji ya rejeta yanapungua bila kuvuja chini, basi maji yanaingia ndani ya silinda. Gasketi imeungua, au kichwa cha injini kina ufa. Ili kuhakikisha, injini ikiwa baridi fungua kifuniko cha rejeta, washa, utazame. Maji yakitoa mapovu yasiyokoma, moshi wa silinda unapenya kwenye maji. Chomoa pia kijiti cha kupimia oili: oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, usiwashe injini hiyo tena hata mara moja kabla ya kutengenezwa.

Moshi wa buluu ndio wenye gharama. Huo ni oili inayoungua. Ringi zimekwisha, au laina zimelika, au njia za valvu zimelegea. Fungua macho pia kwenye bomba la kupumulia la injini, lile linaloshuka ubavuni. Injini nzima hutoa mvuke kidogo tu hapo. Likiwa linapuliza moshi kwa kishindo kama jiko la kuni mbichi, ujue moto wa silinda unapita kando ya pistoni na kushuka kwenye oili.

JARIBIO LISILOGHARIMU KITU

Liko jaribio moja ambalo kila mwenye trekta yafaa alijue. Likifanywa vizuri, huchukua nusu saa, na chombo chake ni spana peke yake. Injini ikiwa inanguruma polepole, fundi hulegeza kidogo nati ya bomba la dizeli linaloingia kwenye nozeli ya kwanza, ili silinda hiyo isipate dizeli. Mlio wa injini ukibadilika na kuyumba, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Hukaza nati, huenda kwenye ya pili, na ya tatu. Ile ambayo ukiilegeza injini haisikii chochote, ndiyo mgonjwa. Vaa miwani, funga nati kwa kitambaa, wala usiweke kidole mbele ya dizeli inayoruka. Dizeli ya pampu ina nguvu ya kutoboa ngozi na kuingia mwilini, na kidonda hicho ni cha kupelekwa hospitali siku ileile, hata kama kinaonekana kidogo kama cha mwiba.

Silinda mbovu ikiisha kujulikana, badilisha nozeli: ya silinda mbovu itiwe kwenye nzima, na ya nzima itiwe kwenye mbovu. Ugonjwa ukihama pamoja na nozeli, shangilia, maana nozeli hupelekwa kupimwa na kutengenezwa mjini kwa pesa kidogo. Ugonjwa ukibaki palepale, uko ndani ya silinda yenyewe.

Trekta ya mzee wetu ilikuwa imezima, basi fundi alianza na dizeli. Alikuta maji katika chujio la dizeli na hewa katika mabomba. Akasafisha, akatoa hewa, injini ikawaka kwa shida. Kijana akaruka kwa furaha, akidhani mambo yamekwisha. Fundi akamwambia, "Subiri, kijana. Kuwaka si kupona." Akalegeza nati. Silinda ya pili haikusema kitu. Akabadilisha nozeli, ugonjwa ukabaki kwa silinda ya pili. Halafu akaleta kipimo cha mgandamizo cha injini za dizeli (kile cha magari ya petroli hakifai, hakiwezi nguvu hiyo), nacho kikaonyesha silinda ya pili iko chini sana, na zile nyingine mbili zimechoka pia.

Kisha mzee mwenyewe, si fundi, ndiye aliyegundua mpira unaopeleka hewa kutoka chujio hadi kwenye injini. Chini yake, mahali macho hayafiki, ulikuwa na ufa wa urefu wa kidole. Kwa misimu miwili au mitatu injini hiyo ilikuwa imevuta vumbi la shamba lote bila kulichuja, na vumbi hilo pamoja na oili hufanya kazi ya msasa. Tunalisimulia jambo hili kwa kirefu kwa sababu wako wakulima waliotia pistoni na ringi mpya, wakauacha mpira uleule, na kabla ya msimu kwisha moshi wa buluu ukarudi. Wakamlaumu fundi, wakamlaumu mwenye duka la spea. Mpira ule ungegharimu pesa ya kuku wawili.

KABLA HUJASEMA "FUNGUA"

Mwambie fundi akuandikie karatasi: vitu gani vitanunuliwa, bei ya kila kimoja, na ujira wake. Asikuambie, "Tutaona tukiisha fungua," halafu aondoke na pampu yako. Injini ikifunguliwa, laina na krankshafti zipimwe kwa mikromita mbele yako. Kutia ringi mpya ndani ya laina iliyolika ni kutupa pesa, walakini mafundi wengi hufanya hivyo kwa kuwa mkulima ameomba kazi rahisi. Injini ya Perkins ya silinda tatu, iliyo katika MF 135, ina laina zinazotolewa na kutiwa nyingine. Ford 5000 haina; silinda zake zimechongwa katika bloku lenyewe, kwa hiyo sharti bloku lipelekwe kwenye mashine, lichongwe na kutiwa pistoni kubwa zaidi au laina za kuongezwa. Hayo ni gharama na safari zaidi.

Krankshafti nayo huchongwa kwa vipimo: inchi 0.010, halafu 0.020, halafu 0.030. Ikiwa waliotangulia wamekwisha fika 0.030, hakuna tena cha kuchonga, utatafuta krankshafti nyingine. Swali hili peke yake limewahi kugeuza shauri la kutengeneza likawa shauri la kuuza.

Spea za injini hii ya Perkins hupatikana, maana injini ya jamii hiyohiyo iliwekwa pia katika Massey Ferguson 240 iliyofuata, ambayo ilitengenezwa hata Pakistani. Kama trekta yako ni ya namna ambayo spea zake huagizwa kwa mtu mmoja tu Nairobi, naye huzitoa kwenye trekta zilizokufa, hesabu yako iwe nyingine kabisa.

Jambo jingine ni mwili wa trekta. Tazama klachi, giaboksi, haidroliki, breki na magurudumu ya nyuma. Jaribu haidroliki kwa kuinua plau na kuiacha juu kwa muda. Ikishuka yenyewe upesi, andika gharama hiyo pia. Injini mpya ndani ya trekta iliyochoka ni koti jipya juu ya suruali iliyopasuka.

HESABU YA EKARI

Hapa ndipo mzee alipochukua daftari la mtoto wa shule. Tunaiandika hesabu kama alivyoiandika yeye. Ya kwako itakuwa nyingine, kwa hiyo weka bei za kwenu.

Kutengeneza kila kitu, pamoja na klachi na ule mpira, kulikuwa shilingi 210,000. Shamba lake ni ekari 18. Kwao, kukodi trekta ya kulima kulikuwa 3,500 kwa ekari na kupiga haro 2,500, jumla 6,000. Kwa ekari 18 ni 108,000 kwa mwaka. Kwa trekta yake mwenyewe, dizeli, oili, dereva na akiba ya kuharibika vilikuwa kama 3,000 kwa ekari, yaani 54,000. Faida yake kwa shamba lake peke yake ni 54,000 kwa mwaka. Gawanya 210,000 kwa 54,000: karibu miaka minne kabla pesa haijarudi. Kwa injini iliyo ndani ya trekta ya umri huo, miaka minne ni mingi mno.

Lakini trekta yake ilikuwa ikilimia jirani. Kijana akasema, "Tunalimia watu ekari 60." Kila ekari ya kulima ilibakisha 1,600, basi ekari 60 ni 96,000. Ukijumlisha ni 150,000, na pesa zingerudi katika mwaka mmoja na miezi mitano. Hapo mama akafungua daftari jingine, la madeni. Katika ekari 60 za mwaka uliopita, zilizolipwa zilikuwa 30. Waliobaki walisema watalipa mahindi yakivunwa, wakavuna, wakanyamaza. Mzee akaandika ekari 30 badala ya 60, na jibu likawa miaka miwili na kidogo.

Sisi tunaona mama ndiye aliyefanya hesabu ya kweli. Ekari usiyolipwa si faida, tena imechoma dizeli yako na kula plau yako.

Jirani yao wa ng'ambo ya mto ana ekari 7 tu, na trekta ya aina ileile. Yeye akitengeneza ataokoa 21,000 kwa mwaka. Pesa ingerudi baada ya miaka kumi. Aliuza, akanunua ng'ombe wawili wa maziwa, na sasa hukodi. Kaunti, ambazo tangu 2013 ndizo zinazosimamia kilimo, nyingine zina trekta za kukodi, walakini anayetaka kukodi yafaa ajiandikishe na kulima mapema, mabua yakiisha kutolewa, asingoje wingu la kwanza. Huyu naye hakukosea.

Ukitaka kuuza, angalia jambo moja. Usitengeneze injini nzima ili uuze. Mnunuzi alikuwa anatoa 280,000 kwa trekta mbovu, na nzima ya namna hiyo ilikuwa ikiuzwa kwao kama 480,000. Tofauti ni 200,000, nayo matengenezo ni 210,000. Ungejisumbua miezi miwili ili upoteze elfu kumi. Bali ugonjwa mdogo, kama nozeli au maji kwenye dizeli, utengeneze kwanza. Trekta inayowaka mbele ya mnunuzi hunena kwa niaba yako kuliko wewe mwenyewe.

Na pesa ya mkopo ina riba. Iongeze katika gharama kabla ya kugawanya. Kuweka hati ya shamba rehani kwa ajili ya injini kuukuu hatukushauri hata kidogo. Shamba ndilo lililowaleta wazee wetu katika skimu tangu 1962, nayo trekta ni chombo tu cha kulilimia.

JINA LA NANI?

Jambo hili mzee alilikumbuka akiwa amekwisha karibia kukubali bei. Kitabu cha usajili, kile watu wanachokiita logibuku, kilikuwa bado kwa jina la marehemu baba yake. Katika skimu zetu trekta nyingi ziko hivyo. Mali ya marehemu haiuzwi na mtoto mmoja kwa sababu tu imesimama uani kwake. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika 1981, inataka wapatikane kwanza wasimamizi wa mali kwa idhini ya mahakama, na kuuza kabla ya hapo ni kosa. Mzee ana ndugu wanne na dada wawili. Kama angeuza siku ile, pesa zingekuwa zimekwisha kabla kesi haijaanza. Mnunuzi naye angekwama, maana kuhamisha jina hufanywa kwa njia ya NTSA, na mwenye jina sharti akubali. Mnunuzi aliyesema, "Wacha karatasi, tutamaliza baadaye," alijua vizuri kwa nini bei yake ni ndogo.

Hata kutengeneza kulihitaji kikao. Ndugu walikutana Jumapili moja, wakakubaliana kwamba mzee atoe gharama, atumie trekta, na gharama hiyo iandikwe ili ihesabiwe siku ya kugawana mali. Waliandika na kutia sahihi wote. Kazi ya mahakama wameianza.

Pesa zilipatikana hivi: mahindi magunia kadhaa, ndama dume mmoja, na majirani kumi na wawili waliolipa nusu ya bei ya kulima kabla. Asiyelipa nusu hakuandikwa, hata akiwa shemeji. Injini ilifunguliwa ndani ya ghala lililofagiwa na kunyunyiziwa maji, si chini ya mti. Pistoni ya pili ilikutwa na ringi mbili zilizovunjika, na laina yake imekwaruzwa kama ubao wa kukunia nazi.

Ilipofungwa tena, fundi alikataa iachwe ikinguruma bure uani kutwa nzima, kama wengi wanavyodhani ndiyo kuizoeza. Injini mpya ikinguruma bila mzigo kwa muda mrefu, laina hung'aa kama kioo na ringi hazishiki. Ilipewa kazi ya wastani tangu siku ya kwanza: haro nyepesi, kisha trela, kisha plau. Baada ya saa 50 hivi oili na chujio vikabadilishwa, na nati za kichwa cha injini zikakazwa upya kwa kipimo. Bakuli la hewa husafishwa kila jioni wakati wa vumbi, kazi aliyopewa kijana yuleyule aliyetaka kuuza.

Kufikia mwisho wa Machi walikuwa wamelima ekari zao 18 na za majirani 23. Kuku wametafutiwa pahali pengine pa kutagia.